Foleni ya Mioyo Arobaini na Mmoja

Kliniki ya moyo ya hospitali ya Mpanda ilikuwa na mlango wa kijani, benchi moja refu la mninga, na muuguzi mmoja aliyeitwa Capitoline. Daktari hakuwepo. Mlangoni palibandikwa karatasi kwa plasta ya vidonda, imepigwa chapa kwa herufi kubwa: BINGWA ATAFIKA KWA TRENI. WATAONWA WALE TU WATAKAOKUWEPO KWENYE FOLENI SIKU HIYO. Siku yenyewe haikutajwa. Karatasi ilibandikwa Mei 1997, na kufikia Juni Capitoline alikuwa ameshaibadilishia plasta mara mbili.

Minza alifika Jumatatu moja ya Juni, saa tatu asubuhi, juu ya lori la mpunga kutoka Kasansa. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mume aliyeitwa Nyanda, watoto wanne, na moyo ulioharibiwa na homa ya utotoni huko Shinyanga, kabla baba yake hajahamia kusini na ng'ombe wake. Valvu moja haikufunga vizuri. Mganga wa zahanati alimweleza kwamba ni kama mlango wa zizi uliolegea bawaba: ng'ombe wanatoka, nusu yao wanarudi. Akipanda kilima kidogo alisimama mara tatu. Jioni miguu yake ilivimba mpaka kandambili zikagoma kuingia. Mganga huyo alimwambia pia kwamba upasuaji upo, watu wanafanyiwa na wanapona, ila huwezi kupelekwa bila fomu, na fomu anasaini bingwa. Minza alikuwa na kitinda mimba wa miaka minne, Christina, na alikusudia kumwona akiolewa. Kwa hiyo alikuja kufuata saini.

Kwenye benchi alimkuta mtu mmoja tu, na kwa bahati mbaya alikuwa anamjua. Alikuwa Damiano, mzee wa Kipimbwe mwenye mashamba ya mpunga, ambaye mwaka juzi ng'ombe wa Nyanda walimlia majaruba mawili kwa asubuhi moja. Damiano alikuwa namba moja. Minza akaketi, akawa namba mbili. Walikaa siku tatu bila kusalimiana, na siku ya nne Damiano akasema, huku anatazama ukuta:

"Na moyo wenyewe unauma?"

"Unauma, mzee."

"Na wangu." Kisha akaongeza, ili mambo yasije yakaenda haraka mno: "Mpunga ule sijausahau."

Siku ya saba treni ilikuja na mafuta ya taa, sabuni, na hakuna bingwa. Huko Kasansa mpunga wa Minza ulikuwa umekomaa na ndege walikuwa wanaujua. Hakuweza kuendelea kukaa. Akafanya kile ambacho wanawake wa Kasansa hufanya kisimani kila siku. Kisimani hakuna mtu anayesimama kungoja maji yajae. Unaweka ndoo yako nyuma ya ndoo ya mwenzako, unakwenda kupalilia, na ndoo inakusogelea yenyewe kwa mikono ya waliopo. Minza aliweka jiwe kwenye nafasi yake. Mfagiaji akalitupa. Akaweka kandambili moja. Nayo ikatupwa, na ikabidi aitafute jalalani.

Akamwendea Capitoline. Capitoline alizaliwa Karema, akalelewa na masista wa misheni, na hakuwa mtu wa kuchezewa.

"Sista, nyie mnataka nini kibaki pale kwenye benchi?"

"Mama, hii ni kliniki ya moyo," Capitoline alisema bila kuinua macho kwenye daftari. "Sina namba ya kiatu. Nina namba ya moyo."

Minza aliona hoja ina uzito. Akarudi kwenye benchi, akafungua vifungo viwili vya gauni, akautoa moyo wake, akaufunga kwenye kipande cha kitenge na kuuweka kwenye nafasi ya pili. Ulikuwa mkubwa kuliko alivyodhania, na ulipiga kwa kuchechemea, mapigo mawili ya haraka na moja la kuchelewa. Capitoline akaja, akaufunua, akahesabu mapigo kwa dakika nzima akitazama saa iliyobanwa kifuani kwake, akaandika kwenye kadi: Namba 2, Minza Ndaki, Kasansa, mapigo 104.

"Huu siwezi kuutupa," alisema. "Nenda, lakini usikimbie."

Damiano alitazama yote hayo. Alikuwa na magunia kumi na tisa kwenye ghala ambalo paa lake halikuaminika. Akavua kofia, akafungua shati, akauweka wa kwake mbele ya ule wa Minza. Siku hiyohiyo waliondoka kwa lori moja, mmoja mbele na mwingine nyuma juu ya maturubai.

Habari ilisambaa jinsi habari za njia ya mkato zinavyosambaa. Kufikia Septemba ilikuwepo mioyo kumi na saba, kutoka Karema, Inyonga, Usevya na Mpanda yenyewe, maana hata watu wa mjini walikuwa na shughuli zao. Kufikia Novemba ilikuwa arobaini na mmoja. Capitoline aliazima benchi la pili kutoka chumba cha sindano na hakulirudisha. Kila asubuhi aliifunika kwa shashi yenye unyevu, akahesabu mapigo ya kila mmoja, akaandika. Mioyo ya walioshiba ilikaa pamoja na ya wenye njaa, na hakuna uliosukumwa. Aliripoti kwa mkubwa wake kwamba foleni ya kliniki ya moyo haijawahi kuwa na nidhamu namna ile. Mkubwa wake alifurahi, akaandika barua huko juu kwamba wagonjwa wanasubiri kwa utulivu.

Huko Kasansa Minza alifanya kazi kama hajawahi kuugua. Bila moyo, kifua hakikubana. Alibeba ndoo mbili pale alipokuwa anabeba nusu ndoo. Miguu ikarudi saizi yake. Nyanda alifurahi na hakuficha. Aliwaambia watu kwamba hospitali ya Mpanda inaponya hata kabla ya daktari kufika. Minza alimsikiliza na hakuona haja ya kubisha. Alikuwa haoni haja ya mambo mengi siku hizo. Alipochekeshwa alicheka, kwa sababu alikumbuka kwamba hapo huwa anacheka.

Aliyelalamika ni Christina. Tangu azaliwe alikuwa akipata usingizi kwa kuweka sikio kwenye kifua cha mama yake, juu ya yale mapigo mawili ya haraka na moja la kuchelewa. Sasa alilala chali na macho wazi.

"Mayu, mbona kumenyamaza?"

"Moyo uko foleni."

"Utarudi lini?"

"Bingwa akija."

Mtoto alisogea akaenda kulala kwa dada yake. Minza alimwona akienda, na alijua kwamba jambo hilo lilipaswa kumuuma. Alilijua vizuri, kama anavyojua idadi ya kuku wake, na halikumuuma. Asubuhi yake alimwambia Nyanda kwamba moyo ule lazima utengenezwe na urudi, na kwamba hatakubali kuishi hivi hata akiweza kubeba ndoo tatu.

Kisha mvua zikaja, zile za mwisho wa mwaka 1997 ambazo hazikujua kuacha. Maji yalichukua majaruba, madaraja, na tuta la reli mahali pawili. Kwa wiki nyingi Mpanda haikusikia honi ya treni. Januari Damiano alikufa. Alisombwa na maji akijaribu kuokoa magunia yake. Minza alikwenda msibani, akachota maji, akaosha masufuria, akaketi na wanawake. Hilaria, mjane wa marehemu, alikuja kukaa karibu naye.

"Katekista ameniuliza kama twende Mpanda tuuchukue moyo wake, tumzike mzima," Hilaria alisema. "Nimekataa. Mzee alikuwa namba moja. Nani anaachia namba moja?"

"Umefanya vizuri, mama," Minza akasema.

"Ng'ombe wenu hawakumpenda, lakini nyie wawili mlikuwa foleni moja. Ukienda uutazame."

Minza aliahidi. Alitaka kulia na mwanamke yule, akatafuta cha kulilia nacho, hakukipata. Akamshika mkono tu.

Barua za Capitoline zilifika kwa madereva wa malori, fupi, bila salamu. Ya Februari ilisema: Namba 2, mapigo 118, umevimba. Ya Machi ilisema: Namba 2, mapigo 131, umepauka, namba 1 unaendelea vizuri. Ya Aprili ilisema: Reli imetengenezwa, bingwa anakuja Alhamisi, njoo. Minza aliondoka siku hiyohiyo, akampakata Christina kidogo kabla ya kupanda lori, kwa kuwa alikumbuka umuhimu wake.

Alhamisi treni iliingia saa nane mchana, ikiwa imechelewa saa sita tu. Wenye mioyo kumi na wawili walikuwa wamewahi. Capitoline alivaa sare mpya. Bingwa alishuka daraja la pili, kijana mrefu mwenye adabu aliyeitwa Daktari Denis, na nyuma yake mchukuzi alibeba sanduku la bandeji za plasta na msumeno mdogo. Alitembea mpaka kliniki, akaiona mioyo arobaini na mmoja imejipanga juu ya mabenchi mawili, akawasalimia wote.

"Nisameheni," alisema. "Mimi ni bingwa wa mifupa."

Hakuna aliyepiga kelele. Daktari Denis alieleza bila kuzungusha. Mpanda ilipangiwa bingwa mmoja kwa mwaka, kwa zamu. Mwaka huu ilikuwa zamu ya mifupa. Mwakani ingekuwa macho. Baada ya hapo orodha aliyoiona iliishia.

"Na ya moyo?" Capitoline aliuliza.

"Bingwa wa moyo hatoki, sista. Akitoka, wa kule wataonwa na nani?"

Lakini alikuwa daktari, na mioyo ilikuwa mbele yake. Alitoa kipimo chake cha kusikilizia, akaanza na namba moja. Alisema ni rahisi kuliko alivyozoea, hakuna mbavu za kusumbua.

"Huu ndio wenye nafuu kuliko yote. Mwenyewe yupo?"

"Alikufa Januari," Capitoline alisema.

Daktari Denis aliandika hilo kwenye kadi, akasogea kwa namba mbili. Pale alikaa muda mrefu, ameinama. Minza alisimama karibu, ametulia, anauona moyo wake ukiruka ndani ya kitenge.

"Huu haumalizi mwaka, mama," alisema. "Unahitaji kupasuliwa."

"Ndicho nilichofuata. Nisainie."

"Saini yangu haikufikishi. Inatakiwa ya bingwa wa moyo."

Mpaka jioni alikuwa ameisikiliza yote arobaini na mmoja, na kwenye kila kadi ameandika maneno yaleyale kwa mwandiko mzuri: Aonwe na bingwa wa moyo. Kesho yake aliunga mikono miwili na goti moja, kazi safi sana. Watu wa moyo walikuwa wameketi nje kwenye kivuli cha ukuta, kila mmoja na kadi yake, wanafikiria usafiri wa kurudi. Minza hakuwa kati yao. Alikuwa amesimama mbele ya Daktari Denis, aliyekuwa ananawa.

"Huyo wa moyo anakaa wapi?"

"Dar es Salaam."

"Reli inafika?"

"Inafika."

"Basi foleni itamfuata."

Capitoline alisikia, akaja mbio. Foleni ya Mpanda ni ya Mpanda, alisema. Imeandikwa kwenye daftari la hospitali, na daftari haliruhusiwi kuvuka geti. Minza alimwambia abaki na daftari. Kisha akasema maneno ambayo Capitoline aliyarudia kwa miaka mingi kila alipoombwa ushauri, japokuwa hakuwahi kuyafuata yeye mwenyewe.

"Sista, umeitunza vizuri. Sasa niruhusu niipeleke. Hapa inatunzwa mpaka ife."

Wenye mioyo waliokuwepo walikubali kabla hajamaliza. Wengine wangetumiwa habari. Capitoline alikwenda wodi ya wazazi akarudi na mabeseni mawili ya bati, shashi, na shuka yenye muhuri. Aliipanga kwa namba, wa kwanza hadi wa ishirini kwenye beseni la kwanza, waliobaki kwenye la pili, kila mmoja na kadi yake imefungwa kwa uzi wa kushonea vidonda. Alifanya kazi hiyo huku machozi yanamtoka na huku anamkemea Minza kwamba asizilowanishe kadi. Kwa dereva wa lori la Kasansa, Minza aliacha ujumbe wa Nyanda: amekwenda na foleni, mpunga uvunwe, Christina asilale chali.

Treni iliondoka Jumamosi asubuhi. Kwenye behewa la daraja la tatu kondakta alisimama juu ya mabeseni.

"Huu ni mzigo?"

"Ni foleni."

Kondakta alipitia orodha yake. Kulikuwa na baiskeli, mbuzi, magodoro na samaki wakavu. Foleni haikuwepo. Akatoboa tiketi ya Minza na kuendelea. Abiria walisogeza miguu, na mama mmoja akajitolea kulishikilia beseni la pili kwenye kona. Mara mbili Daktari Denis alitoka daraja la pili kuja kulowanisha shashi. Alikuwa na aibu ambayo haikuwa yake, na Minza alimwambia hivyo.

Walipokaribia mto Ugalla, namba mbili ulianza kupiga ovyo. Kadi yake ilitikisika. Minza aliutoa, akaushika kwa mikono miwili, ukawa unataka kumponyoka. Daktari alikuwa amerudi mbele. Minza alifungua vifungo viwili vya gauni akaurudisha ndani.

Kwanza maumivu yalirudi, yaleyale, na pumzi ikakatika. Yeye alikuwa ameyatarajia hayo. Kisha yakaja mengine. Miezi kumi yote ilimwingia kwa pamoja: mgongo wa Christina akienda kulala kwa dada yake, magunia ya Damiano, mkono wa Hilaria aliokuwa ameushika kama anashika mpini. Aliona uchungu, aliona hasira, na alimpenda mtoto wake mpaka akashindwa kukaa wima. Alilia kutoka Ugalla mpaka Kaliua, kwa sauti, na abiria wakamwachia nafasi. Mama wa kona alimpa maji. Pale Kaliua, wakisubiri kuunganishwa na treni ya Kigoma, alijifuta uso akaifunga kadi yake mwenyewe kwenye kifungo cha gauni.

Walifika Dar es Salaam siku ya tatu. Hospitali kubwa ya huko ilikuwa na kliniki ya moyo mwishoni mwa korido ndefu, na korido ilikuwa na mabenchi pande zote mbili. Minza alipita katikati, beseni moja kichwani na jingine ubavuni. Juu ya mabenchi kulikuwa na mioyo. Mingine imefungwa kwa kanga, mingine kwa shuka za Kimasai, mingine kwa magazeti. Kadi zilisema Masasi, Ngara, Kondoa, Kasulu, Mbulu. Mmoja ulikuwa na kadi ya mwaka 1989, mdogo na mgumu, bado unapiga. Dirishani alikaa muuguzi mzee mwenye miwani.

"Mpo wangapi?"

"Arobaini na mmoja. Kutoka Mpanda."

Muuguzi aliandika. "Mnaanzia mia sita na kumi na mbili. Bingwa ni mmoja, anaona wanne kila Jumanne. Iache hapo, mama, urudi nyumbani. Wote wanafanya hivyo. Haina shida."

"Wa mwaka 1989, mwenyewe yuko wapi?"

"Zamani alikuwa anaandika barua," muuguzi alisema.

Minza aliipanga mioyo ya Mpanda kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango wa nje, kila mmoja nyuma ya mwenzake. Damiano alikuwa mbele. Nyuma ya Damiano aliacha nafasi moja, na baada ya nafasi hiyo akampanga namba tatu na wengine wote hadi arobaini na mmoja. Kisha akaketi yeye mwenyewe kwenye ile nafasi, na moyo wake ndani yake, unachechemea. Miguu yake ilikuwa imeanza tena kuvimba. Akavua kandambili, akazisukuma chini ya benchi.

Wiki ya tatu ilikuja barua ya Capitoline. Benchi la Mpanda lilikuwa limejaa tena, mioyo ishirini na nane, na karatasi mpya ilikuwa mlangoni. Bingwa wa macho angefika kwa treni. Minza aliisoma, akaikunja. Jumanne hiyo walioitwa walikuwa wanne. Minza aliinuka, akaibeba mioyo ya benchi lake, mmoja baada ya mwingine, akaisogeza mbele kwa nafasi nne, wa Damiano kwanza.

Alipokuwa anamalizia aliingia mwanamke kutoka nje, amechoka na vumbi la safari, ameshika kitu kilichofungwa kwenye kitenge. Alitazama korido mpaka mwisho wake, halafu akaangalia benchi lililokuwa karibu naye.

"Wa mwisho nani hapa?"

"Sisi," Minza alisema, akihema. "Lakini usikiweke hapo, mdogo wangu. Kirudishe ndani, ukae."